UZI: Jiji linajengaje nyumba ambazo mtu wa kipato cha chini anaweza kuzilipia? Tuanze na bei ya pesa, tofali baadaye

#1 Mizania (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila zikitajwa nyumba za gharama nafuu, mjadala unaishia kwenye tofali. Mmoja anataka udongo ulioshindiliwa, mwingine anabandika picha ya nyumba iliyojengwa na mashine kwa siku mbili, wa tatu anasema tupunguze vyumba. Mimi nimekaa miaka kadhaa upande wa mahesabu ya miradi ya nyumba za jiji, na naomba niseme jambo ambalo wahandisi wakilisikia hununa: tofali si mzigo mkubwa. Mzigo mkubwa ni bei ya pesa, na nani ameshika ardhi.

Chukueni kikokotoo tuhesabu pamoja. Nyumba moja imegharimu 100. Usiulize 100 ya nini, weka fedha yoyote. Ukikopa hiyo 100 kwa riba ya asilimia 12 na kurejesha kwa miaka 15, kila mwaka unalipa kama 14.7. Ukikopa 100 hiyohiyo kwa asilimia 4 kwa miaka 40, kila mwaka unalipa kama 5.05. Jengo ni lilelile, fundi yuleyule, mlango uleule, lakini mpangaji wa kwanza anabebeshwa karibu mara tatu ya mwenzake.

Sasa tuseme kapatikana fundi wa miujiza, anajenga nyumba ileile kwa nusu gharama, yaani 50. Kwa mkopo ule wa kwanza mpangaji bado anadaiwa 7.3 kwa mwaka. Umeona? Nyumba ya nusu bei yenye mkopo mbaya ni ghali kuliko nyumba ya bei kamili yenye mkopo mzuri. Mara ya kwanza nilipoipata hesabu hii niliirudia, nikidhani nimekosea kubonyeza.

Na deni siyo yote. Jengo linakula kila mwezi: taa za ngazi, pampu ya maji, lifti, mlinzi, bima, akiba ya kubadilisha paa siku likichoka. Tuseme hivyo vyote ni 2 kwa mwaka kwa kila nyumba. Halafu aje mtu ambaye kipato chake chote cha mwaka ni 5. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni kwamba pango lisizidi asilimia 30 ya kipato, kwake ni 1.5. Huyu hata ukimpa nyumba isiyo na deni hata senti, pango lake halitoshi kuwasha taa za ngazi.

Kwa hiyo watu wa mahesabu tunawaona wapangaji kwa makundi. Wapo ambao ukiwatafutia pesa ya riba ndogo tu, inatosha. Wapo wanaohitaji ruzuku ya ujenzi, deni lifutike au libaki dogo. Na wapo ambao wametoka mtaani, hospitali ya akili au gerezani, wengine wagonjwa wa muda mrefu: hao wanahitaji ruzuku ya ujenzi, ruzuku ya pango kila mwezi, na juu yake mtu wa kuwahudumia. Kundi hili la mwisho ndilo la makazi saidizi. Kwenye majukwaa makundi yote yanasukumwa ndani ya sentensi moja, "nyumba nafuu kwa wananchi", halafu zikikamilika unakuta zimewafaa wale wa kwanza peke yao.

Nitaendelea. Moderata, tafadhali msiunganishe uzi huu na ule wa ramani za nyumba.

NB: Nikisema "pango" ni ile ya mwenye nyumba, nikisema "kodi" ni ya serikali. Lugha yetu imezipa jina moja na imeshaleta ugomvi wa kutosha.

#2 Kiti cha Mbele

Nimeshakaa. Shusha nondo mkuu.

#3 Soko Huria

Mkuu Mizania hesabu zako nzuri, lakini jibu liko palepale: jiji lishughulike na barabara na mitaro, nyumba waachiwe wenye mitaji. Serikali ikijenga inajenga vibaya, kwa bei mbaya, na inapeana kwa kujuana. Ondoeni urasimu wa vibali, nyumba zitajaa zenyewe.

#4 Mizania

Mkuu Soko Huria, nusu ya ulichosema nakiunga mkono. Jiji mara nyingi lenyewe ndilo linalofanya nyumba ziwe haba. Ukiandika kwenye ramani ya mipango miji kwamba eneo lote ni nyumba moja kwa kiwanja kimoja, ukalazimisha maegesho ya magari mawili kwa kila mlango, kisha kibali kikachukua miaka, umepandisha bei kabla hata ya kuchimba msingi. Minneapolis huko Marekani, ilipopitisha mwaka 2018 mpango wake wa mji wa kufikia 2040, ilifuta sharti hilo la nyumba moja kwa kiwanja mji mzima. Hilo halikuihitaji ilipe mkandarasi yeyote.

Nusu ya pili ndipo tunapoachana. Soko linamfikia mtu anayeweza kulipa gharama. Yule wangu wa 1.5, ambaye pango lake halitoshi taa za ngazi, hakuna kibali cha haraka kitakachomgeuza mteja. Tena usiseme "serikali ikijenga" kana kwamba njia ni moja. Jiji linaweza kutoa ardhi, akajenga mwingine. Linaweza kukopesha kwa riba ndogo. Linaweza kununua majengo yaliyopo. Kujenga kwa mkono wake lenyewe ni njia moja tu kati ya nyingi, na miji mingi siku hizi haiitumii sana.

Ila kwa kuwa umeigusa, acha nikupe mji uliojenga wenyewe. Vienna, mji mkuu wa Austria. Kuanzia 1919 hadi 1934 ilijenga nyumba zaidi ya 60,000. Siri yake haikuwa saruji. Januari 1922 Vienna ilitenganishwa ikawa jimbo kamili, hivyo ikapata mamlaka ya kutoza kodi zake. Mwaka 1923, chini ya Hugo Breitner aliyeshika fedha za jiji, ikaanza kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba, inayopanda kadiri makazi yako yalivyo ya kifahari. Wenye majumba makubwa walilipa sehemu kubwa mno ya kodi hiyo, na mnaweza kukisia walivyompenda Breitner. Sasa sikiliza: pesa hiyo ikaingia moja kwa moja kwenye ujenzi, badala ya kukopa. Hakuna riba. Rudi kwenye kikokotoo changu, ile 14.7 au 5.05 weka sifuri. Mpangaji akabaki kulipia uendeshaji tu. Karl-Marx-Hof, lile jengo refu la zaidi ya kilomita moja lenye nyumba 1,382, lilifunguliwa 1930 kwa utaratibu huo na hadi leo lina wapangaji.

#5 Mpima Viwanja Mstaafu

Habari za jioni wadau. Nimestaafu kazi ya upimaji na mipango miji, nimesoma nikaona mleta uzi anaparamia pesa, ardhi kaitaja kwa pembeni. Bila ardhi hiyo riba ndogo itaishia mifukoni mwa mwenye kiwanja. Mkitangaza ruzuku leo, kesho bei za viwanja zimepanda kwa kiasi kilekile. Nimeliona kwa macho.

Miji iliyofanikiwa ilianza kushika ardhi kabla haijaihitaji. Amsterdam tangu 1896 iliamua ardhi yake haiuzi, inapangisha kwa muda mrefu, na anayejenga juu yake anafuata masharti ya mkataba. Helsinki inamiliki takribani asilimia 70 ya ardhi ndani ya mipaka yake, ndiyo maana inaweza kusema hapa tunaweka nyumba za pango nafuu, pale za soko, bila kumpigia mtu magoti. Vienna, baada ya ujenzi ule wa mwanzo, iliunda mwaka 1984 mfuko wa kununua ardhi. Mfuko unanunua mapema maeneo ambayo mji utayafikia baadaye, unayatunza, ukifika wakati unayatoa kwa waendelezaji kwa bei iliyowekewa kikomo.

Kutoa kwenyewe kuna ufundi. Tangu 1995 Vienna inashindanisha waendelezaji kwenye maeneo makubwa, na anayetoa bei kubwa ya kiwanja siye anayeshinda. Wanapimwa kwa ubora wa jengo, gharama atakayobeba mpangaji, mazingira, na baadaye wakaongeza kipimo cha jinsi wakazi watakavyoishi pamoja. Kwa hiyo kampuni binafsi inashindana kupunguza pango. Mkuu Soko Huria, huo nao ni ushindani.

Kosa ninalolichukia kuliko yote: jiji kuuza kiwanja chake cha katikati ili kuziba pengo la bajeti ya mwaka mmoja. Pesa inaisha kabla ya mwaka mwingine, na kiwanja hakirudi.

#6 Soko Huria

Mzee nakusikia. Lakini Singapore ilitwaa ardhi ya watu kwa bei ya kutupa. Tusisifie tu.

#7 Mpima Viwanja Mstaafu

Ni kweli kabisa, na sikuitaja kwa makusudi. Sheria yao ya utwaaji ardhi ya 1966 iliipa dola nguvu kubwa na fidia ilikuwa ndogo, waliotwaliwa waliumia. Bodi yao ya nyumba iliundwa Februari 1960, mwaka uliofuata moto wa Bukit Ho Swee ukaacha watu kama 16,000 bila makazi, na bodi ikapata pa kuthibitisha kasi yake. Leo karibu watu wanane kwa kila kumi wanaishi nyumba za bodi hiyo, wengi wao wakimiliki kwa hati za miaka 99. Lakini huo ni mji ambao ni nchi. Ina bunge lake, benki kuu yake, na mfuko wa akiba wa wafanyakazi ambao tangu 1968 unaruhusiwa kulipia nyumba. Meya wa kawaida akienda kujifunza huko anarudi na picha nzuri.

#8 Kiti cha Mbele

"Anarudi na picha nzuri" 😂😂

#9 Asiyependa Ubishi

Mimi swali langu ni la hawa wa makundi ya mwisho. Mnataka mtu mlevi, hajapona, apewe funguo za nyumba mpya wakati mimi ninayefanya kazi nasubiri? Si ataiuza wiki ya pili? Apone kwanza, apate kazi, ndiyo apewe.

#10 Mizania

Hawezi kuiuza kwa sababu siyo yake. Ni mpangaji, ana mkataba kama wako, analipa pango kwa asilimia ile ya kipato chake na tofauti inalipwa na ruzuku. Akivunja mkataba anaweza kuondolewa kama mpangaji mwingine.

Kuhusu "apone kwanza": huo ndio ulikuwa utaratibu wa miaka mingi. Unaanzia bweni la muda, ukikaa bila kunywa unapandishwa chumba, ukiteleza unarudishwa chini. Wengi walizunguka kwenye ngazi hizo hadi wakafa. Mwaka 1992 huko New York, Sam Tsemberis na wenzake wa shirika la Pathways to Housing wakaigeuza: mpe nyumba kwanza, matibabu yamfuate hukohuko akiyataka. Ndiyo ikaitwa Nyumba Kwanza.

Kanada ikaipima kwa kuwagawa watu kwa bahati nasibu, baadhi wapate nyumba na huduma, wengine waendelee na utaratibu wa kawaida. Ilianza 2009 katika miji mitano: Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton, watu zaidi ya 2,000. Matokeo, niyaseme yote maana huwa yanasemwa nusu: upande wa kubaki kwenye nyumba, waliopewa nyumba waliwashinda wenzao kwa mbali. Upande wa ulevi na ugonjwa wa akili, tofauti ilikuwa ndogo. Kwa hiyo anayekwambia nyumba inatibu ulevi, anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Nyumba inatibu kukosa nyumba. Ila jaribu kumfuatilia mgonjwa wa dawa za kila siku ambaye hujui leo kalala daraja gani.

Ufini ndiyo iliyoenda mbali zaidi. Mwaka 1987 waliohesabiwa kukosa makazi walikuwa zaidi ya 18,000. Mpango wao wa kitaifa wa Nyumba Kwanza ulianza 2008, serikali kuu na miji ikasaini pamoja, na kufikia 2022 hesabu ilishuka chini ya 4,000. Walichofanya Helsinki ni kuchukua mabweni yaleyale ya vitanda vingi na kuyakata kuwa nyumba ndogo zenye mlango, jiko na mkataba. Pia kuna taasisi yao, Y-Säätiö, tangu 1985 inanunua nyumba mojamoja ndani ya majengo ya kawaida na kuzipangisha. Jirani hajui nani katoka wapi.

#11 Zamu ya Usiku

Niruhusuni wakuu. Nimefanya kazi ndani ya jengo la aina hii, sitalitaja. Asiyependa Ubishi, hofu yako naielewa, ila siku ya kwanza haiendi unavyofikiri.

Mtu aliyelala nje miaka kumi, wiki ya kwanza anaweza kulala sakafuni, kitanda kiko pembeni kimetandikwa. Mwingine anaacha mlango wazi usiku kucha kwa sababu chumba kilichofungwa kinamtisha. Nilikuwa na mmoja alikuwa anateremka saa tisa usiku kukaa na mimi mapokezi, haongei, anakaa tu, alfajiri anapanda. Miezi minne hivyo. Baadaye akaacha.

Shida kubwa tuliyoipata ni wageni, ulevi wake ulikuwa afadhali. Mtu kapata chumba, wenzake wa mtaani wanakuja, yeye anaona aibu kuwakatalia maana waligawana naye kidogo walichokuwa nacho. Mwisho chumba kinatekwa, mwenyewe anakimbia. Kwa hiyo mlango mmoja wa kuingilia wenye mtu wa mapokezi saa 24 siyo anasa, ni kinga ya mpangaji. Atakuruhusu umsingizie: "Ofisi inakataza wageni baada ya saa nne." Mara ngapi nimekuwa mimi ndiye mbaya, na nilikubali.

Wachoraji nao wasikilize. Chumba cha mazungumzo kiwe na milango miwili, mtu asijione kanaswa, wala mhudumu asinaswe. Bafu liwe na shimo la kutoa maji sakafuni, kwa sababu bomba litaachwa wazi. Ofisi za huduma ziwe chini njiani, siyo ghorofa ya juu ambako mtu anahitaji ujasiri kupanda.

Na hili nalisema kwa uchungu: msimpe mtu mmoja kazi ya kudai pango na kazi ya ushauri. Nikikudai asubuhi, jioni hutaniambia kwamba umeacha dawa. Mwenye jengo awe mwingine, mhudumu awe mwingine, waongee lakini wasiwe kitu kimoja.

#12 Asiyependa Ubishi

Dada au kaka Zamu ya Usiku, hiyo ya sakafuni imenigusa. Sijabadilika kabisa ila nimekuelewa.

#13 Mizania

Comenti #11 iwekwe juu ya uzi ikiwezekana.

Nichukue hapo kwenye mtu wa mapokezi saa 24. Kukaa dawatini mchana na usiku, siku zote, kunahitaji watu wanne au watano wa zamu. Kwa wapangaji wenye mahitaji mazito, timu za huduma huhesabu mhudumu mmoja kwa watu 10. Hao wote wanalipwa na nani? Hapa ndipo nimeona miradi ikifa.

Pesa ya ujenzi ina utepe wa kukata, ina kiongozi wa kupigwa picha. Pesa ya mshahara wa mhudumu haina utepe. Mara nyingi inatoka idara nyingine kabisa, ya afya au ustawi wa jamii, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Unakuta jengo lina mkopo wa miaka 40 na mhudumu ana mkataba unaoisha Juni. Juni ikifika hakuna fedha, wahudumu wanaondoka, wapangaji wanabaki na milango, na baada ya miaka mitatu gazeti linaandika kwamba makazi saidizi yameshindwa.

New York iliona hilo mapema. Mwaka 1990 jiji na jimbo walisaini makubaliano ya pamoja ya makazi ya watu wasio na nyumba wenye ugonjwa wa akili: pesa ya kujenga na pesa ya huduma zikawekwa mezani siku moja. Yakarudiwa 1999 na 2005, ya 2005 yakilenga nyumba 9,000 kwa miaka kumi. Hiyo karatasi kwangu ina thamani kuliko mchoro wowote wa jengo.

Mfano wa upande mwingine ni Los Angeles. Mwaka 2016 wapiga kura waliidhinisha hatifungani ya dola bilioni 1.2, lengo hadi nyumba 10,000 za makazi saidizi. Nia njema, kura nyingi. Lakini pesa hiyo ilikuwa inaziba sehemu tu ya gharama ya kila nyumba. Iliyobaki kila mradi ulilazimika kuiokota kwenye mifuko mingine mitano, sita, kila mfuko na fomu zake, wanasheria wake na tarehe yake ya mwisho. Wakati unasubiri mfuko wa nne, bei za ujenzi zinapanda, na wa kwanza unataka kujua umefikia wapi. Gharama kwa nyumba moja ikafika wastani wa karibu dola 600,000, baadhi ya miradi zaidi. Sijasema ni wizi. Kila mfuko una mantiki yake. Ni foleni za mifuko zinazokula pesa.

#14 Bomba la Ghorofa ya Tisa

Hapo kwenye matunzo naomba niulize. Niliwahi kusoma kuhusu yale maghorofa ya St. Louis, Marekani, yaliyolipuliwa. Kumbe tatizo lilikuwa ni usanifu?

#15 Mizania

Pruitt-Igoe. Majengo 33 ya ghorofa 11, nyumba 2,870, yalikamilika katikati ya miaka ya 1950, ubomoaji ukaanza 1972. Usanifu ulisingiziwa sana, na kweli ulikuwa na makosa, lifti zilisimama baadhi ya ghorofa tu. Lakini tazama mahesabu: serikali kuu ililipia kujenga, uendeshaji ukaachiwa pango la wapangaji. Mji ulikuwa unapoteza watu na ajira. Wenye kipato wakahama, vyumba vikabaki vitupu, pango likapungua, matengenezo yakapungua, wakahama wengine. Waliobaki wakapandishiwa pango ili kufidia, hadi 1969 wapangaji wakagoma kulipa. Kumbuka ile 2 yangu ya taa za ngazi na lifti. Ni hiyo.

Mwaka huohuo wa 1969 bunge la Marekani likaweka kikomo cha pango la nyumba za umma kuwa asilimia 25 ya kipato, baadaye ikawa 30. Haki kwa mpangaji, ila kikomo bila ruzuku ya kutosha ya uendeshaji kinamwacha mwenye jengo bila pesa ya kuziba bomba.

#16 Bomba la Ghorofa ya Tisa

Asante. Jina langu la humu linajieleza, nimekaa kwenye jengo ambalo maji hayapandi.

#17 Jirani Mwema

Mbona hakuna anayezungumzia majirani? Sisi hatukatai watu wasaidiwe, lakini kwa nini kila mara mtaa wetu? Na mkutano wa wananchi unaitishwa mambo yameshaamuliwa.

#18 Mpima Viwanja Mstaafu

Jirani, nimeendesha mikutano hiyo mpaka nikapata vidonda vya tumbo. Kila mtaa unasema "kwa nini sisi". Mtaa wenye wanasheria unashinda, mradi unahamia mtaa usio na wanasheria, halafu kweli unakuwa "kila mara" mtaa wao.

Dawa ni kuutoa uamuzi kwenye mradi mmojammoja. Ramani iseme mapema kwamba palipo na ruhusa ya maghorofa ya makazi, makazi saidizi yanaruhusiwa bila kura nyingine. California iliweka sheria ya namna hiyo 2018. Ufaransa walikwenda kwa njia ya mgawo: sheria ya Desemba 2000 iliitaka miji mingi kufikisha asilimia 20 ya nyumba zao ziwe za pango nafuu, ikapandishwa hadi 25 mwaka 2013, na usipofikisha unatozwa. Wapo wanaolipa faini ili wasijenge, ndiyo, lakini angalau wanalipa.

Malalamiko yako ya pili yana haki. Kama jambo limeamuliwa, mtu aambiwe limeamuliwa, kisha ajadili yaliyobaki: simu ya msimamizi wa jengo, taa za nje, mlango unaangalia wapi. Kumwita mtu atoe maoni ambayo hayana mahali pa kwenda ni kumdharau.

#19 Foleni Namba Sitini

Nani anapata? Hilo ndilo mnalikwepa. Hata zikijengwa elfu moja, zitapewa watoto wa wakubwa.

#20 Mizania

Hatujalikwepa, tulichelewa tu. Kwa nyumba nafuu za kawaida, miji mingi hutumia bahati nasibu ya wazi au foleni yenye tarehe, kila mwombaji akiona namba yake. Bahati nasibu inachukiza watu lakini ni ngumu kuihonga kuliko karani. Kwa makazi saidizi bahati nasibu haifai, maana unamtafuta mwenye hali mbaya zaidi, na huyo ndiye asiyejaza fomu. Hapo jiji linahitaji orodha moja ya mji mzima, mashirika yote yachukue kutoka humo. Houston ilifanya hivyo: kabla yake kila shirika lilikuwa na foleni yake na vigezo vyake. Walipokubaliana orodha moja, kuanzia miaka ya 2011 na 2012, wakahamishia watu zaidi ya 25,000 kwenye nyumba kwa muongo mmoja, wengi kwenye nyumba za kupanga zilizokuwepo tayari.

Na mkague kipindi cha masharti. Montgomery huko Maryland, tangu 1974, inamtaka mwendelezaji atenge sehemu ya nyumba zake ziwe nafuu. Sheria nzuri, lakini mwanzoni masharti yalikuwa ya miaka michache, yakiisha nyumba inauzwa kwa bei ya soko. Waliongeza muda baadaye, wakati nyingi zimeshaondoka. Ukitaka nyumba ibaki nafuu bila kikomo, ardhi ibaki ya jiji au ya amana ya jamii (chombo kinachoshika ardhi kwa niaba ya wakazi), kama Burlington, Vermont walivyoanza 1984: unanunua nyumba, ardhi unapangishwa, na ukiuza unabeba sehemu tu ya ongezeko la bei.

#21 Kiti cha Mbele

Mkuu, mimi nimealikwa kwenye mkutano wa wananchi wiki ijayo, wanawasilisha mradi wa nyumba nafuu pamoja na za makazi saidizi. Nikisimama niulize nini? Sipewi zaidi ya dakika mbili.

#22 Mizania

Usiulize kuhusu ramani, watakuonyesha ramani hadi dakika ziishe. Uliza: ardhi itabaki ya nani jengo likikamilika, na kwa miaka mingapi? Uliza riba na muda wa mkopo, kisha pango la chini kabisa limehesabiwa kwa mtu mwenye kipato gani. Uliza mshahara wa wahudumu unatoka mfuko upi na mkataba wake unaisha lini. Ukibakiwa na sekunde, uliza akiba ya matengenezo ni kiasi gani kwa kila nyumba kwa mwaka. Kama dakika ni moja, uliza la wahudumu tu.

#23 Kiti cha Mbele

MREJESHO. Nimetoka mkutanoni. La ardhi wamejibu vizuri, inabaki ya jiji, mkataba miaka 75. La riba mhasibu alijibu na nikamwona anafurahi kuulizwa. La wahudumu: mhandisi akamtazama mhasibu, mhasibu akamtazama mtu wa ustawi wa jamii, mtu wa ustawi wa jamii akasema yeye alidhani fedha hiyo ipo kwenye bajeti ya jengo. Ukimya. Wamesema watajibu kwa maandishi.

#24 Zamu ya Usiku

Alidhani ipo kwenye bajeti ya jengo. Sawa.

#25 Mizania

Yakija hayo maandishi yaweke hapa, Kiti. Na muulize huyo wa ustawi kama anataka kuingia kwenye uzi, nina fomu ya makadirio ya zamu nilishaitengeneza, nampa bure.